Shamba Lilipofika Ukutani

Mama Redio hakupewa jina hilo bure. Habari ikiingia kwake asubuhi, mchana mtaa mzima unayo. Jioni hiyo uani kwake palijaa wanawake wakichambua mchele, na yeye alikuwa hewani kama kawaida, akimsifia mwanawe mkulima.

"Nani kati yenu anaumwa na mbung'o siku hizi? Mwanangu kafyeka kichaka chote mpaka mtoni. Wamehama bila kuaga!"

"Nyumba wamewaachia mbu," jirani yake alimjibu, akijizaba kofi shingoni. "Hapa kwako ukicheka, funga mdomo haraka."

Wakaangua kicheko. Mama Redio akatupa jicho nyuma ya jiko. Palipokuwa na kichaka sasa palikuwa na majaruba ya mpunga, maji yametulia tuli mpaka ukutani. Jua halijazama, na tayari mlio ule mwembamba ulishaanza.

Mkwewe, mimba yake kubwa, alikuwa amejikunja mkekani chini ya shuka mbili.

"Baridi, Mama."

"Na joto hili?" Alimgusa paji la uso, akautoa mkono upesi.

Akakimbilia chumbani kumtandikia. Juu ya kitanda, kamba tupu. Chandarua hakipo.

"Kiko kwenye kitalu," mwanawe alisema mlangoni, tope magotini. "Vyote viko huko, Mama. Ndege walikuwa wananimalizia mbegu. Tukishapandikiza miche, navirudisha."

"Mpunga umeuvika, mkeo umemwacha uchi?"

"Shamba ndilo litakalomlisha huyo mtoto!"

"Katafute gari. Sasa hivi!"

Yeye mwenyewe akashuka kitaluni, akakishika chandarua na kukivuta. Kikachanika kwenye vijiti, na chini yake mbu wakainuka kama moshi. Akakiacha palepale.

Aliporudi, uani hakuna aliyekuwa akicheka. Mkwewe akamshika kiganja, akamvuta karibu ili wengine wasisikie.

"Mama, tangu asubuhi mtoto hajacheza tumboni."

Mwanawe akarudi mbio, peke yake. "Dereva kafika kwenye mfereji wetu mpya wa mpunga, kageuza. Gari haliwezi kuvuka."

Wanawake wakaweka nyungo chini, wakashika pembe za mkeka, wakamwinua mgonjwa. Njia iliyobaki ya kwenda zahanati ilikuwa ya kukatiza majaruba. Mama Redio akatangulia. Maji yakamfika magotini, na kila alipokanyaga, mbu wakainuka.