Kabla Baba Hajafunga Kisu

Dada yangu Clémence alirudi nyumbani Clermont kwa basi la asubuhi, jino lake likiwa limefungwa kwenye leso. Aliliweka juu ya meza ya jikoni mbele ya Baba, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima.

"Régis," alisema. Ndiye mume wake.

Baba alilitazama jino lile, kisha akautazama mdomo lilikotoka. Mshipa wa shingoni ulimtutumka. "Bastien," akaniambia, "lete ramani."

Huku kwetu mtu hakimbii tu. Hata kama nyuma yake nyumba inawaka, lazima ajue mchana utamkuta wapi na atakula nini. Tulikuwa tunampeleka Clémence kwa shangazi Philomène, Sète, baharini, ambako shangazi anauza chaza na ana watoto wa kiume wenye mikono kama magogo. Akifika kule, Régis hamgusi tena. Barabara ni moja, inashuka kusini moja kwa moja. Mimi nilitaka tuipige bila kusimama, tule mkate na soseji humo humo garini.

"Garini hula mbwa," Baba alisema, akachukua penseli.

Akachora duara Garabit, kwenye daraja jekundu la chuma, tunyooshe miguu. Akachora jingine juu ya nyanda za Aubrac, kwa chakula cha mchana. La tatu Millau, kwenye lile daraja refu ambalo asubuhi za baridi huelea juu ya mawingu, kwa sababu Clémence hakuwahi kuliona. Jioni, chaza za shangazi.

"Baba, yule anatujua," nikasema. "Amekula nasi Aubrac mara ngapi? Atakuwa anatungoja mlangoni."

"Najua ananijua. Nibadilishe tumbo kwa ajili yake?"

Nilimgeukia Clémence anisaidie. Aliweka kidole juu ya duara la Aubrac.

"Tangu niolewe nakula nimesimama," alisema, "kando ya sinki, yeye akishashiba. Leo nataka kukaa. Nataka kitambaa mezani na dirisha mbele yangu. Akinikuta, anikute nimeketi."

Basi nikawasha gari. Chini ya kiti changu niliweka spana ya magurudumu.

Garabit tulisimama kama ilivyopangwa. Clémence aliegemea ukuta, akatazama chuma chekundu kilivyopinda juu ya maji, akacheka, kisha akafunika mdomo kwa kiganja kuficha pengo. Kile kiganja kilinichoma. Nilipima kwa macho kutoka juu ya daraja hadi majini, nikamtupa Régis mara kadhaa moyoni. Kila mara niliona amekufa upesi mno.

Hoteli ya Aubrac ni nyumba ya mawe peke yake kwenye upepo. Dirishani unaona majani tu, na ng'ombe wa rangi ya asali wenye pembe ndefu. Ndani walijaa madereva wa malori na wachuuzi wa ng'ombe, vichwa chini, wakila. Ginette, mwenye hoteli, alitupa meza ya dirishani. Alipouona mdomo wa Clémence alitia mvinyo bila kuulizwa.

Baba alitoa kisu chake mfukoni, kile cha mpini wa pembe alichoachiwa na babu, akakifungua. Hivyo ndivyo mlo unavyoanza kwetu. Mkubwa akikifunga, mlo umekwisha, hata kama mdomo wako umejaa. Hakuna anayeinuka kabla, na hakuna anayebaki amekaa baada.

Ginette alileta aligo katika sufuria, viazi na jibini vilivyopigwa pamoja mpaka vikavutika, akaunyanyua mwiko juu ya kichwa chake ili uzi mweupe ushuke kwenye sahani ya dada yangu. Clémence alikuwa ameinua uma mara moja tu mlango ulipofunguliwa.

Régis alikuwa na fimbo yake ya kuswagia ng'ombe, yenye chuma nchani. Alisalimia meza baada ya meza, kwa maana nusu ya wale watu aliwahi kuwauzia fahali. Kisha alivuta kiti akakaa mwisho wa meza yetu. Spana yangu ilikuwa garini. Nilijilaani.

"Mlo mwema, baba mkwe."

"Ulikuwa mwema."

"Shemeji Bastien, umenenepa."

"Wewe utakonda."

Alicheka, akailaza fimbo magotini. "Nimemfuata mke wangu. Ila mimi si mshenzi. Kisu cha mzee kiko wazi, nitangoja."

Wachuuzi walizidi kuinama kwenye sahani zao. Mambo ya mume na mke, hayo. Nyuso zao zilisema hivyo. Ginette alikwenda kupiga simu kwa askari, akarudi na kuinama sikioni kwa Baba, lakini wote tulisikia. "Wanakuja. Wakishamaliza kula." Baba aliitikia kwa kichwa. Hakuona ubaya.

Basi akala. Sijawahi kumwona mtu akila vile. Soseji aliikata vipande vyembamba kama jani, kila kipande akakitafuna mpaka kikawa maji. Akaomba mkate. Akaomba jibini, akalirudisha, akaomba jingine. Chuma cha fimbo kilianza kugonga sakafu.

"Mzee, utakula mpaka kesho?"

"Nikiwa bado na meno," Baba alijibu. "Si wote wanaoachiwa."

Clémence naye alikuwa anakula. Uma uligonga sahani, lakini haukusimama.

"Clémence, inuka," Régis alisema.

"Baba hajafunga kisu."

"Nimesema inuka."

"Na wewe ni mtu wa huku, unajua. Ngoja."

Dereva mmoja kule pembeni alicheka. Kicheko kifupi tu, cha puani. Régis aligeuka kumtafuta, akakosa, na alipogeuka tena kwetu fimbo ilikuwa tayari iko hewani. Ilitua juu ya mkono wa Baba, ule wenye kisu. Mfupa ulilia kama kijiti kikavu. Kisu kiliteleza juu ya kitambaa, makali nje.

Nilimrukia. Nilimpiga kichwa cha pua nikasikia inapasuka, damu yake ikanijaa mdomoni, yenye chumvi na moto, na nitasema ukweli, iliniburudisha kuliko mvinyo. Nilimpiga tena. Kisha fimbo ikanikuta sikioni, sikio likachanika, na ukumbi wote ukageuka kengele. Alinitupa ukutani. Kiatu chake kiliingia mbavuni mwangu, kikarudi, kikaingia tena mahali pale pale. Nikiwa chini nilimng'ata mguu mpaka meno yakakutana na nguo ikabaki kinywani mwangu. Alinipiga teke la uso akaniacha.

Alirudi mezani anavuja pua. Clémence hakuwa ameinuka. Alikuwa amekaa wima, uma mkononi. Régis alitandaza kiganja chake kipana katikati ya sahani ya Clémence, ndani ya chakula, akakikandamiza.

"Mlo umekwisha," alisema.

Dada yangu alichukua kisu cha Baba akakishusha kwa mikono yote miwili. Kilipita kwenye kiganja, kikavunja sahani, kikaingia mbaoni.

Régis hakulia papo hapo. Aliutazama mkono ule kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kisha alinguruma, na kwa mkono uliobaki alimkamata Clémence nywele akaanza kumvutia uso kwenye vigae vya sahani. Hapo ndipo viti viliposogea. Mchuuzi mzee mwenye masharubu aliiokota fimbo sakafuni akamchapa nayo nyuma ya magoti, mara mbili, kama mtu anayemlaza ng'ombe.

"Mlo wa watu hauvunjwi, Régis," alisema, bila hasira.

Madereva walimkunjua vidole kimoja kimoja kutoka kwenye nywele. Kimoja kilivunjika na hakuna aliyeomba radhi. Clémence aling'oa kisu. Walimfunga Régis kwa aproni za Ginette, wakamkalisha sakafuni, damu ikinywewa na taulo la vyombo.

Jino la dada yangu halikuwainua watu wale. Mfupa wa Baba haukuwainua. Sahani ndiyo iliyowainua. Hao ndio watu wetu. Nawapenda, na siku ile ningewachoma moto wote.

Clémence alikifuta kisu kwa kitambaa, upande huu na upande huu. "Tulifika wapi?" akauliza.

"Jibini," Ginette alisema. Alibadilisha kitambaa, akaleta sahani nzima, jibini, kisha mkate wa matunda wa moto. Clémence alikata vipande, kimoja chake, kimoja cha Baba, akamlisha, kwa sababu mkono wa Baba ulikuwa umevimba kama boga. Mimi nilikula kwa upande mmoja wa taya. Régis alitazama kutoka chini. Alilazimika kungoja mkewe ashibe.

Askari walikuja wananukia kahawa. Waliona damu, wakaona mtu aliyefungwa, kisha wakaona kisu kilicho wazi mezani. Wakavua kofia, wakasimama mlangoni.

Clémence alimsogezea Baba kisu.

"Siwezi," Baba alisema. "Vidole havikunjiki. Funga wewe."

Clémence aliwatazama ng'ombe dirishani. Alimeza tonge la mwisho, hakuharakisha. Kisha akaukunja ubapa wa kisu kwenye mpini wake wa pembe, kikalia ta.

Ukumbi mzima ukasimama.

"Sasa Millau," alisema, akicheka wazi, pengo nje. "Nataka kuliona hilo daraja."