Kundi la Maji ya Chumvi

Maziwa yaligonga ndoo mara tatu, yakasita. Joakim akashusha pumzi, akasubiri vidole vya mkono wa kulia vikumbuke kazi yao, akakamua tena. Mkewe, Milembe, alisimama ubavuni mwa ng'ombe bila kumgusa mumewe.

Gari likasimama nje ya zizi. Akashuka Daktari Monika, yule wa utafiti.

"Mwangaluka," alisalimia kwa Kisukuma cha kujifunza.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu Kimali," Milembe aliitikia.

Mwaka juzi pikipiki ilimrusha Joakim pale Somanda, kichwa kikapiga lami. Alipozinduka, mkono wa kulia ulikuwa umelala na maneno yamempotea. Hata jina la Milembe hakulipata. Katika hospitali kubwa ya mbali, alikotoka Monika, walikuwa wakijaribu seli shina: seli changa zinazotolewa kwenye uboho wa mifupa ya mgonjwa mwenyewe na kurudishwa mwilini, huenda zikausaidia ubongo kujitengeneza. Nusu ya wagonjwa wangepewa seli, nusu maji ya chumvi tu, na mpaka mwisho hakuna ambaye angejua alichopewa. Mume alikubali kwa kichwa, mke akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Waliporudi nyumbani, kila asubuhi Milembe aliushika mkono ule, akaukunja kwenye chuchu ya ng'ombe, wakakamua pamoja. Baada ya miezi sita kidole kimoja kikaitikia. Kijiji kizima kikasema ni zile seli.

"Majibu yamefunguliwa, baba," alisema Monika. "Sikutaka kuyasema kwa simu. Wewe ulikuwa kwenye kundi la maji ya chumvi."

Milembe aliketi taratibu juu ya gogo. "Maji tu?"

"Maji tu, mama. Mengine yote mmeyafanya ninyi hapa."

Milembe akaitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kama mikono ya mtu aliyekuja kumtembelea. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Monika akaanza kumwomba Joakim radhi. Joakim akamzuia kwa mkono. Maneno yake bado yalikuja moja moja.

"Wale... wengine. Waliopata. Wanaendeleaje?"

Monika alimgeukia. "Wengine hawajapata nafuu. Wengine wamepata. Yupo mama mmoja, jina siwezi kulitaja, siku hizi anamsuka mjukuu wake."

Joakim akatabasamu, upande mmoja wa mdomo ukitangulia, mwingine ukifuata.

"Wabeja," alishukuru. "Wabeja sana."

"Sasa hata ninyi mliopewa maji mnaweza kupewa seli, mkipenda. Lakini siahidi kitu."

"Tutazungumza," alisema Milembe. "Kwanza unywe maziwa."

Joakim akaenda kumfungulia ndama. Fundo la kamba lilimchukua muda. Ndama akakimbilia kwa mama yake, akasukuma kiwele kwa kichwa mara mbili, na wote watatu wakasimama wakimtazama akinyonya, mkia wake ukicheza kwenye jua la asubuhi.