Ndizi Zilizobaki Kikaoni

Josefin alivua viatu mlangoni, akavipanga kando ya buti za kazi za Adelina, kisha akauliza kama anaweza kuiona sufuria. Ilikuwa juu ya jiko lililozimwa, inatoa mvuke, kama ilivyokuwa tangu Brigitha, dada yake Adelina, alipouawa na mumewe kule Jordbro.

"Ndizi haziungui?"

"Haziungui, hazipoi. Wakati wa baridi jirani huja kuota moto."

Ndizi hizo Brigitha alizipika humu humu kwa Adelina, Skärholmen, wazee wa jamii yao ya ughaibuni walipokuja kumsuluhisha na mumewe. Alifunua shingo, akawaonyesha alama za vidole. "Huyu ataniua," alisema. Mzee Optatus akamwambia ndoa zote zina mambo, ainuke awapikie wageni. Walikula, wakasifu nyama, wakabakisha. Naye akarudi kwa mumewe.

Josefin alitumwa na kamati ya serikali inayochunguza vifo vya namna hii ili watu wajifunze. Alichovya kipimajoto, akaandika. Akaonja pia.

"Alikwenda polisi? Hospitali?"

"Alikwenda kwa wazee. Waandike hao. Jumamosi wanakaa tena, kule Upplands Väsby. Mwenzetu Vénantie kavunjwa mkono na mumewe."

"Sisi tunachunguza ofisi za umma," alisema Josefin kwa upole. "Na huyo bado yuko hai." Akaacha namba ya simu ya msaada, akavaa viatu.

Adelina alimpigia Vénantie, akamsomea namba ile.

"Dada, wazee wameshakubali kuja. Nitawaaibishaje?"

Ijumaa Mzee Optatus akampigia Adelina simu. "Mwanangu, ile sufuria ya marehemu bado ina moto?"

"Bado, baba."

"Afadhali. Huyu wa Jumamosi ana plasta mkononi, hawezi kumenya ndizi."

"Siileti, baba."

"Usijisumbue. Kijana wetu Thomas atakuja na gari."

Thomas alikuja, akaizungushia sufuria taulo. Adelina akapanda nyuma.

Kikaoni, Vénantie alipomaliza kueleza, Adelina alisimama. Sauti ilikuwa ndogo, lakini kila mtu alisikia. "Dada yangu aliwaambia atauawa, akauawa. Huyu msimrudishe."

"Tumekusikia, mwanangu," alisema Mzee Optatus. "Sasa tupakulie, watu wana njaa."

Ndizi ziliwatosha wote. Vénantie alikula kwa mkono wa kushoto, na kwa kuwa ule wa kulia ulikuwa umevunjika, hakuna aliyemkemea.