Simu Iliyojaa Tangu Jana

Ti-ti. Ti-ti-ti. Alfajiri ilikuwa bado, umeme ukarudi nyumbani kwa Papa Adalbert, pale Munigi karibu na Goma, na simu zilizopangwa juu ya ubao zikalia moja baada ya nyingine kama vifaranga. Zilikuwa za wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya. Kambini hawakuwa na pa kuchajia, kwa hiyo waliziacha kwa Papa Adalbert na binti yake Olive, kila moja na namba yake kwenye kipande cha katoni.

Olive alikuwa anasomea kompyuta, na tangu jana alikuwa akiijaribu programu aliyoiandika kwa lugha ya C. Ndani yake kila simu ilikuwa na muundo wake: namba, jina la mwenyewe, na hali, yaani "bado" au "imejaa". Simu ikijaa, baba anaingiza namba yake, na hali inabadilika. Mwenye simu akija, Olive anasoma hali kwenye kioo cha kompyuta, hasumbuki kwenda kwenye ubao.

Kulipoanza kupambazuka, mama mmoja wa Rutshuru alibisha hodi. Alikuwa Mama Donatille, yule ambaye jana jioni Olive alimrudisha kambini mikono mitupu.

"Karibu, mama. Ngoja niangalie." Olive akainama kwenye kioo. "Iko bado."

"Jana bado, leo bado." Mama Donatille akacheka kidogo. "Hii simu inakunywa umeme kuliko ngombe za baba yangu zilivyokunywa maji."

Kisha kicheko kikamwishia. "Mutoto wangu Janvier anafika Kituku hii asubui na boti ya Bukavu, na mchana anarudi nayo. Tangu vita itutawanye sijamuona. Anajua tu niko Goma, hajui wapi. Simu ikizimika, atanipata namna gani?"

Olive hakungoja tena. Alikwenda kwenye ubao, akaiwasha ile simu. Ilikuwa imejaa pomoni.

"Ile ilijaa tangu jana," alisema Papa Adalbert, akipuliza chai yake. "Namba niliingiza. Uliza hiyo kompyuta yako."

Olive akampa mama simu kwa mikono miwili. "Unisamehe, mama."

"Hapana, mutoto. Hata wewe haukulala, macho inaonyesha."

Haikupita muda, simu ikaita. Janvier alikuwa ameshafika Kituku, anauliza watu sokoni. Mama yake alianza kumwelekeza, kisha akampa Olive simu. Olive akamwambia apande pikipiki mpaka Munigi, aulize kwa Papa Adalbert wa simu.

"Umungojee hapa, mama," alisema, akamsogezea kiti na kikombe cha chai.

Wakingoja, Olive alifungua programu yake, akaisoma mstari kwa mstari, halafu akajipiga paji la uso.

"Umepata?" aliuliza Mama Donatille.

"Nimepata. Nilikuwa naipa kompyuta nakala ya simu yako. Ikaandika 'imejaa' kwenye nakala, kisha ikaitupa. Ile yenyewe ikabaki 'bado'."

"Kumbe ulichaji picha."

Papa Adalbert alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

Olive naye akacheka, akarekebisha. Badala ya muundo mzima, sasa alipitisha kielekezi, yaani anwani ya mahali muundo wenyewe ulipo katika kumbukumbu ya mashine. Palipokuwa na nukta akaweka mshale, kama C inavyotaka kwa kielekezi. Akaikusanya programu upya, yaani akaigeuza tena kuwa lugha ya mashine, baba akaingiza namba, na kioo kikasema: imejaa.

Nje pikipiki ilisimama. Mama Donatille aliacha chai, akatoka bila viatu. Janvier alikuwa mrefu kuliko mama yake alivyomkumbuka. Mama alimshika mashavu kwa mikono yote miwili, na dereva wa pikipiki akazima injini akatazama pembeni ili wapate nafasi yao.

Walikaa, wakala mkate na chai pamoja. Kisha Janvier akataka kuona mama yake analala wapi, kabla boti haijaondoka. Olive aliwasindikiza mpaka barabarani, akamrekebishia mama kitenge begani.

"Mama," alisema, "siku ya Mungu, hii Jumapili, urudi unitembelee, hata kama hauna simu ya kuchaji."