Bonyeza Mara Moja Tu

Tilawat Shah alimaliza itikafu yake ya msikitini asubuhi ya Idi, shingoni amevishwa shada la maua la kumpongeza, na kabla hajavaa viatu mlangoni mwa msikiti, Sadbar alimvuta pembeni. Sadbar ni muuguzi wa kituo cha kuwaongezea damu watoto wagonjwa pale Mingora, Pakistan. Alimwambia kwamba Spogmai, yule binti wa miaka saba kutoka Matta, wamemzika juzi. Nazmina, mama yake, alimleta kituoni siku yake ya kuongezwa damu, akiapa kwamba ombi alilituma siku tatu kabla. Kwenye orodha halikuwepo. Hakuna mchangiaji aliyeitwa, na mchana wa Ramadhani watu wamefunga, hawatoi damu. Mpaka amepatikana mtu baada ya futari, moyo wa mtoto ulikuwa umechoka.

"Wakwe zake wanasema alisahau," Sadbar alisema. "Eti alishughulika na nguo za Idi akamsahau mwanawe. Mumewe yuko Dammam, hapokei simu zake. Na mimi, kaka, niliwaambia orodha haidanganyi."

Tilawat alivua shada lile akalishika mkononi. Ukurasa wa mtandaoni wa kutuma maombi hayo aliutengeneza yeye.

Alikuwa na miaka hamsini na miwili alipojiandikisha masomo ya jioni ya kompyuta, baada ya nusu ya umri wake kupita akiwaandikia watu barua nje ya mahakama. Kabla ya kila somo alisali rakaa mbili. Vijana darasani walimtania kwamba msimbo wake una udhu. Naye aliwajibu kwamba wao wana janaba, ndiyo maana kurasa zao hazifunguki.

Shida ya kituo ilikuwa moja. Akina mama, kwa wasiwasi, walibonyeza kitufe cha kutuma mara tano, mara sita, na mtoto mmoja akawekewa wachangiaji watano huku wengine wakikosa. Mwalimu wake, Palwasha, aliyekuwa rika la binti yake, alimfundisha dawa yake kwa Javaskripti: kidole kikigusa mara ya kwanza, kitufe kizimike na maneno yatokee chini. Mistari mitatu tu. Juu ya kitufe Tilawat aliandika, "Bonyeza mara moja tu." Chini yake akaandika, "Ombi limefika. Mungu ampe mtoto wako shifa." Siku kilipofanya kazi alisujudu pale pale, kati ya viti.

Palwasha alimwambia bado. Maneno yale yalipaswa kungoja kwanza jibu kutoka kompyuta ya kituo, na somo hilo lilikuwa la wiki inayofuata. "Usikipeleke kituoni kabla, Baba," alimsihi. Lakini orodha ilikuwa vurugu, na Tilawat alitaka watoto wafaidike ndani ya mwezi mtukufu. Alikipeleka. Wiki iliyofuata aliingia itikafu kwa siku kumi, simu akaiacha nyumbani.

Idi ile hakukaa kwake. Alipita tu kuchukua simu na kompyuta yake, akapanda gari hadi Matta, nyumbani kwa Haji Bakhtawar, babu yake Spogmai. Walinyanyua mikono, wakamwombea marehemu. Chai ikaletwa.

"Haji," alisema, "mkamwana wako hakusahau."

Tilawat alifungua ukurasa kwenye simu yake, akajaza fomu, kisha akazima mtandao, kama unavyozimika huko Matta kila umeme ukikatika. Alimwomba Haji abonyeze. Mzee akavaa miwani, akabonyeza, akasoma maneno yaliyotokea, polepole, hadi mwisho wa dua.

"Limefika wapi?"

"Halikufika popote. Maneno hayo huandikwa na simu yenyewe, mtu akigusa tu."

"Nani aliiambia iandike?"

"Mimi."

Haji aliweka simu kando ya kikombe. Alimwita Nazmina asimame nyuma ya pazia la mlango, kisha akamgeukia mgeni. "Rudia. Na upaze sauti, hao wanawake huko ndani wasikie."

Tilawat alirudia.

"Nilitaka kubonyeza tena," sauti ya Nazmina ilisema. "Roho haikutulia. Lakini kitufe kilikuwa kimezimika, halafu niliiona ile dua. Nikasema, basi kuna mtu ameliona ombi langu."

Haji alitoa simu yake mwenyewe, akaiwasha irekodi, akamsogezea mgeni mdomoni. "Sasa mwambie mwanangu."

Akayasema mara ya tatu, kwa baba aliyekuwa Dammam.

Chai ilipoa. Alipoaga hakuna aliyemzuia, wala hakuna aliyemsindikiza. Alikaa juu ya ukuta wa mawe kando ya barabara, kompyuta mapajani, akangoja mtandao urudi, maana umeme ulikuwa umekatika. Dua aliifuta. Mahali pake akaandika, "Subiri. Ombi lako bado halijafika," kisha akaanza mistari ya kungoja jibu, ile ambayo hakuwa amefundishwa, akijaribu na kukosea. Adhana ya alasiri ilianza alipokuwa bado anakosea. Iliisha, na watu wakapita kwenda msikitini, na yeye alikuwa pale pale.