Gari Lisilotoka

Majirani walimwita Futi kwa sababu, ingawa alikuwa amestaafu kazi ya kupima ardhi, bado alitembea na futikamba mfukoni. Mkewe alikuwa mkunga mstaafu, na miaka ya kusimama wodini ilimwachia magoti yasiyosikia dawa. Nyumba yao haikuwa na ua wa kuingiza gari, hivyo kwa miaka thelathini gari lilikaa barabarani, mbele ya geti lao.

Nyumba ya jirani ikauzwa, ikabomolewa, likasimama jengo la ghorofa. Futi alisoma ubao wa mradi, akarudi ndani.

"Familia arobaini na nane," alimwambia mkewe. "Maegesho ya magari kumi na mawili."

"Na wengine wataweka wapi?"

"Hapa kwetu."

Ikawa hivyo. Alhamisi moja walirudi kutoka kwa dada mkubwa wa mkunga, aliyeishi nje ya mji na waliyemtembelea kila Alhamisi, wakakuta barabara imejaa pande zote mbili. Nafasi ilipatikana nyuma ya kituo cha mafuta. Mkunga alitembea kwa kushika kuta za watu, akapumzika mara nne. Kesho yake hakuweza kuinuka kitandani.

Futi alikwenda halmashauri. Karani alimsikiliza kwa adabu.

"Mzee wangu, barabara ni ya wote. Anayewahi ndiye anayepata. Labda uandike barua."

Aliandika. Hakujibiwa. Siku moja alfajiri alikuta nafasi ya mbele ya geti iko wazi, akaliingiza gari, na tangu siku hiyo hakulitoa. Kila asubuhi aliliwasha dakika kumi betri isife, akalizima. Sokoni alikwenda kwa miguu.

"Alhamisi hii twende kwa Dada," mkunga alisema. "Kifua kinambana."

"Tukitoka hatupati pa kurudi. Na magoti yako hayo?"

"Tukodi teksi."

"Mpaka kule? Tusubiri kidogo. Labda watajibu barua."

Alhamisi ikapita, ikafuata nyingine. Dada alipiga simu.

"Mdogo wangu, nimewakosea nini?"

"Hujatukosea, Dada. Ni hili gari tu."

"Limeharibika?"

"Hapana," mkunga alisema.

Alhamisi ya tano, kabla ya saa sita mchana, binti wa dada alipiga. "Mama mdogo, Mama hatunaye tena."

Mkunga aliweka simu mezani, akamaliza kukunja shuka alilokuwa nalo mikononi. Kisha akaenda jikoni kumwambia mumewe. Futi alichukua ufunguo wa gari.

Walizika kesho yake. Msibani binti aliwaletea maji, akakaa karibu nao. "Kila Alhamisi alinituma nitoe viti viwili nje," alisema. "Jioni ananiambia, haya, rudisha." Hakusema kwa kulaumu. Mkunga aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia. Alitafuta machozi, hayakuja.

Waliporudi, mbele ya geti palikuwa na gari jeupe. Futi alisimamisha gari katikati ya barabara, injini ikinguruma. Mwanamke kijana akatoka kwenye ghorofa, mtoto kiunoni.

"Shikamooni. Mmerudi? Nakuja kulitoa sasa hivi."

"Marahaba," Futi alisema. "Wewe utaweka wapi?"

"Mimi nina miguu, Baba, nitatembea. Mngeniambia tu. Niko hapo ghorofa ya kwanza, miezi mitatu sasa, na kila siku nawaona kutoka dirishani kwangu." Alimpakia mtoto, akaondoka, akawapungia mkono.

Futi aliingiza gari kwenye nafasi. Lilikaa sawasawa. Hakuna aliyeshuka.

"Hatukumwomba mtu," mkunga alisema.

"Hatukuomba."

"Hata mmoja."

Futi aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka mapajani. Alitaka kuomba radhi, lakini neno lilikuwa dogo mno. Wapangaji walikuwa wakirudi kutoka kazini, magari yakipita polepole yakitafuta pa kukaa. Moja likasimama kando yao, dereva akashusha kioo.

"Samahani, Mzee, mnatoka?"

Futi alimtazama mkewe. Mkunga alikuwa anatazama mbele.

"Hapana," Futi alisema. "Tumefika."