Fundi Mkasi na Shali ya Matundu

Mteja aliposukuma mlango, Fundi Mkasi aliisukuma droo kwa goti, uzi ukiwa ndani, akashika tepu iliyoning'inia shingoni mwake kana kwamba tangu asubuhi alikuwa anamsubiri yeye tu. Suruali ikapimwa kiunoni, siku ya kuichukua ikakubaliwa, salamu za nyumbani zikatumwa. Mteja alipoondoka, fundi aliifungua droo tena na kukuta sindano ya kroshia imechomoka. Mstari wote aliouhangaikia tangu alipofungua duka ulikuwa umefumuka, umebaki uzi wenye mikunjomikunjo.

"Sawa," alisema peke yake. "Sawa tu."

Hakukasirika sana. Wiki hiyo alikuwa ameshafumukiwa mara nyingi, na kitu kikikuzoea nawe unakizoea.

Waliompa jina la Fundi Mkasi hawakukosea. Alishona suti za maharusi, sare za wahudumu na makoti ya watu wanene ambao mafundi wengine waliwakimbia. Alikuwa akitandaza kitambaa mezani, anachora kwa chaki, na ule mkasi wake mkubwa ukishaingia hausimami mpaka utokee upande wa pili. Sasa mtu wa namna hiyo umpe kisindano kifupi chenye ndoano kichwani, na donge la uzi mweupe wa sufu, halafu umwambie atengeneze nguo bila kukata chochote. Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi.

Lakini maji alikuwa ameshayavulia nguo. Mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, alikuwa ameteleza uani akianua nguo, akaangukia mkono. Mimba ilikuwa imefika mwezi wake wa mwisho na haikudhurika, ila mkono wa kulia ulivunjika, ukafungwa plasta ngumu hadi kwenye vidole. Watu walikwenda kumpa pole, wakamkuta analia. Walipomwambia kuwa mkono utaunga, akasema haulilii mkono. Analilia shali ya mtoto, ambayo alikuwa ameifuma akaishia nusu.

Binti huyu alilelewa kwa shangazi, katika nyumba yenye watoto wengi, na tangu utotoni alivaa nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Hakuwa mtu wa kulalamika. Ila alikuwa amejiapia kwamba mwanawe atatoka hospitalini amefunikwa kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake yeye, kitu ambacho hakijapata kumgusa mtu mwingine. Mumewe alikuwa mbali kikazi, akivuta nyaya za umeme, na hata angekuwapo, yule bwana hajui kushona hata kifungo.

"Nipe mimi," alisema Fundi Mkasi.

Mkewe akamgeukia amtazame vizuri. Kwa kweli fundi na mkwe wake hawakuwa na mazoea. Walisalimiana, wakaulizana hali, basi, kila mmoja akatafuta pa kupitia. Binti alimwogopa mzee, na mzee naye alimwogopa yeye, ingawa mtu wa umri ule hawezi kulisema jambo kama hilo. Binti akajaribu kumwelekeza kwa mkono wa kushoto: huu ndio mnyororo, vile vitanzi vya mwanzo vinavyofuatana, hizi ndefu zinazosimama juu yake ni nguzo. Fundi akaitikia kwamba ameelewa, ameelewa, na hakuwa ameelewa hata kidogo. Akaondoka na nusu ya shali, sindano, uzi, na karatasi ya maelekezo iliyouzwa pamoja na uzi huo.

Hiyo karatasi sasa. Ilisema: *mny 3, ngz 1 tundu linalofuata, nyota, ruka 1, mny 1, ngz 2 tundu moja, nyota, rudia, geuza.* Fundi aliisoma kama mtu anayesoma kibandiko cha dawa ya mifugo. Mny na ngz alizitambua baada ya kuzitamka kwa sauti. Ila ile alama ya nyota alidhani ni mapambo ya aliyeichapa. Kwa hiyo alifanya yaliyo kati ya nyota mbili mara moja tu, akafika mwisho wa sentensi, akageuza kazi kama alivyoambiwa. Matundu mengine yote ya mstari yakabaki yanamkodolea macho.

Alifumua, akarudia, akafumua tena. Ilikuwa mchana mmoja, akiwaza jinsi alivyomfundisha kijana wake wa zamani wa kazi kushona mishipi ya suruali, ndipo alipokumbuka alivyokuwa akisema: shona hivi, kisha hivyo hivyo mpaka mwisho. Akaichukua karatasi. Nyota maana yake ni hivyo hivyo mpaka mwisho. Alicheka peke yake dukani, akafurahi kwa namna ambayo suti nzima ya harusi ilikuwa haijamfurahisha siku nyingi.

Kuanzia hapo mistari ikapanda. Akafuma kabla ya wateja na baada ya wateja, na nyumbani akafuma sebuleni mbele ya mkewe bila kujificha. Mkewe, ambaye hakuwahi kukosa la kusema tangu waoane, alivumilia kwa muda, halafu akauliza kwa upole kama ile ni shali au ni sketi.

Swali lilikuwa na haki yake. Nusu ya chini, ya mkwe, ilisimama wima pande zote mbili. Nusu ya juu, ya fundi, ilikuwa inapanuka. Chini kabisa ya karatasi, kwa herufi ndogo ambazo alikuwa hajazihangaikia, ilielezwa kwamba ile minyororo mitatu ya mwanzo wa mstari ndiyo nguzo ya kwanza. Yeye aliifuma, kisha akasimamisha nguzo nyingine hapo hapo miguuni pake. Kila mstari ukazaa nguzo moja ya ziada, mara upande huu, mara upande ule, na shali ikafungua mikono.

Mtu mwingine angerudi kuuliza, kwani kuuliza si ujinga. Fundi Mkasi hakuona kosa la kuulizia. Kwa fundi cherehani kitambaa kipana si msiba, msiba ni kitambaa chembamba. Aliitandaza shali juu ya meza, akaweka rula kwenye ukingo wa mkwe wake, akachora kwa chaki ya buluu mstari ulionyooka hadi juu, upande wa kulia na wa kushoto. Akaacha na nafasi ya pindo. Mkewe alikuwa ameingia dukani na chai, akamuuliza kama ana hakika. Fundi akamjibu kwamba amekata nguo za watu wazito, hataikosea ya kitoto.

Akakata. Mkasi ulipita vizuri, umenyooka, na yeye akausikia utamu wake mkononi kama siku zote. Kisha akaiinua shali.

Nguzo za ukingoni zilifunguka moja baada ya nyingine. Vipande vifupi vya uzi vikadondoka mezani, na matundu yakaanza kukimbia kuelekea katikati, yakashuka mpaka kwenye mistari ya mkwe wake. Fundi akayakandamiza kwa viganja. Akachoma pini. Akaipeleka upesi kwenye cherehani aibane kwa mshono, mguu wa cherehani ukanasa vitanzi na kuvuta vingine zaidi. Mkewe aliiweka chai chini na hakumtania. Hapo ndipo fundi alipojua kwamba mambo yameharibika kweli.

Mkewe alijitolea kwenda kumwambia binti. Fundi alikaribia kukubali, akavaa koti, akavua, akavaa tena. Aliyekata alikuwa yeye. Alifunga duka, akauweka mfuko wenye shali kwapani, akapita mitaa miwili ya nyuma akiitikia salamu za watu bila kusimama, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko siku aliyochoma suruali ya harusi kwa pasi.

Mkwe wake alikuwa kitini, miguu juu ya kigoda, plasta imeegemea tumbo. Alimkaribisha akae. Hakukaa.

"Mwanangu, nimeiharibu," alisema, akaitoa.

Binti aliipokea kwa mkono wa kushoto, akaitandaza mapajani. Akaona ukingo, akaona chaki ya buluu. Fundi akatamani angalau agombezwe. Kisha mabega ya binti yakaanza kutikisika, na mzee akaangalia chini, kwa sababu hakujua mkwe anayelia anabembelezwaje.

"Baba," alisema binti, na kumbe alikuwa anacheka. "Umeikata? Kwa mkasi?"

"Niliacha na nafasi ya pindo."

Hapo binti alishindwa kabisa. Alicheka mpaka akalishika tumbo, akacheka mpaka machozi yakatoka, na baadhi ya machozi yale hayakuwa ya kicheko, wote wawili walijua. Fundi alisimama na aibu yake, lakini hakuwa tena na ule uzito aliokuja nao. Akakaa.

"Tafuta ncha ya juu," binti alimwambia. "Ivute."

Hakutaka. Alisema imeshaharibika vya kutosha, wasiongeze.

"Vuta tu, baba. Hapa hakuna kilichokufa. Kinafumuka, kinafumwa tena, uzi ni ule ule."

Akavuta. Kila mstari ulitoka kipande chake, kwa kuwa mkasi ulikuwa umeutenga na mwenzake, na fundi akaviunga vipande hivyo kwa vifundo vidogo huku akizungusha donge. Walifumua mistari yake yote. Wakafumua na ya binti kadhaa, mpaka wakakuta ulio mzima. Kuhusu vifundo, binti aliogopa vitaonekana, fundi akamwambia hilo amwachie yeye. Kama kuna kazi anayoijua duniani ni kuficha ncha ya uzi.

Tangu siku hiyo akawa anafunga duka mapema na kwenda kwa mkwe wake. Binti alishika karatasi, yeye alishika sindano. Minyororo mitatu, hiyo ni nguzo, baba, ihesabu. Naihesabu. Ruka moja. Nimeruka. Binti alimwambia anaukaba uzi kana kwamba utamtoroka, aulegeze kidogo, nao ulipolegea vitanzi vikalingana. Katikati ya mistari walizungumza. Mzee alikuja kujua kwamba binti huyu mpole ni hodari wa kuigiza sauti za watu, na kwamba alikuwa akimwigiza yeye mwenyewe tangu siku ya uchumba. Alimtaka amwonyeshe. Binti alikataa mara tatu, halafu akamwigiza, kikohozi na yote, na fundi akapoteza hesabu ya mstari kwa kucheka.

Mchana mmoja wa joto sauti ya binti ilififia katikati ya maelekezo. Fundi alipoinua macho alikuta amelala, karatasi imeanguka sakafuni. Akainama polepole akaiokota, akaiweka juu ya goti. Akasoma mwenyewe. Minyororo mitatu, nayo ndiyo nguzo ya kwanza. Nyota, na kila kilichofuata mpaka nyota, hivyo hivyo hadi mwisho. Alipomaliza alihesabu nguzo, akalinganisha na mstari wa chini, zikawa sawasawa, na ukingo umesimama wima. Alitamani sana kumwamsha amwonyeshe. Hakumwamsha. Akageuza kazi, akaanza mwingine.

Mtoto hakusubiri shali iishe. Siku moja fundi alifika na mfuko wake akakuta mlango umefungwa, na jirani akamwambia mkewe ameshampeleka mkwe hospitalini. Ni mtoto wa kike, alisikia kesho yake asubuhi, mzima na mama yake mzima, na baba yake yuko njiani anarudi. Wataruhusiwa mchana. Fundi alikaa kwenye benchi la ukumbini pamoja na watu wengine waliokuja kuchukua wagonjwa wao, akafuma bila kuinua kichwa. Ilibaki mistari michache tu. Alifuma haraka lakini hakuukaba uzi, na watu wa benchi lile wakasogea kidogo kumpa nafasi ya kiwiko.

Mlango ukafunguliwa. Mkewe alitangulia akiwa amembeba mtoto, nyuma yake mkwe, anatembea taratibu, kisha muuguzi akidai shuka la hospitali libaki. Fundi akasimama, sindano bado kitanzini.

"Haijaisha," alimwambia mkwe wake. "Nilijitahidi, mama. Haijaisha."

Binti aliitazama shali, akaushika ukingo, akaupitisha katika vidole vya mkono wa kushoto kutoka chini hadi juu. Hakutafuta vifundo.

"Mfunike nayo hivyo hivyo," alisema.

Wakamfunika. Ilimtosha, ikabaki na ya kukunjia miguuni. Muuguzi, mtu wa kusaidia, aliuona uzi uliokuwa unaning'inia kutoka kwenye shali hadi kwenye donge, akatia mkono mfukoni kutafuta kikasi chake. Mkwe na fundi walimwambia kwa pamoja asiukate.

Fundi alichomoa sindano, akakivuta kitanzi kiwe kirefu kisifumuke, na donge akalitia kwenye mfuko wa koti. Wakatoka. Mkewe alitembea katikati na mtoto, binti upande mmoja, na yeye upande wa pili, karibu karibu, akipima hatua zake zilingane na zao. Getini mlinzi alifungua pande zote mbili ili wapite sambamba. Barabara ilikuwa na jua na watu wengi, na watu waliona uzi mweupe wakaupisha. Mfukoni mwa koti donge liligeuka, likageuka tena, likiachia uzi kidogo kidogo.